Nukta Moja Juu ya Ra

Wengi mnaoniandikia mnaniuliza vile vitambaa vya nyuma ya kiti cha biharusi ninavichoraje, na kama napiga chapa au nachora kwa mkono. Nachora kwa mkono. Leo nitakuelezeni ninavyofanya, ili anayetaka kujichorea wa kwake asilipe mtu, na nitakuelezeni pia kazi moja iliyonitoa jasho, maana nikikuonyesheni mazuri tu nitakuwa nakudanganyeni.

Mimi ni fundi cherehani. Nimemaliza skuli kidato cha nne, kisha nikajifunza ushonaji, na hadi leo kazi yangu kubwa ni nguo za harusi. Hayo ya kuchora niliyapata skuli, kwenye somo la sanaa, ambalo wakati ule tulilihesabu kuwa somo la kupumzikia. Mwalimu wetu alikuwa mtu mkimya. Siku moja alituletea kanga, akaitandika ubaoni, akatuambia tusiangalie pindo wala mji, tuangalie jina. Akauliza: nani anaweza kuyachora maneno haya makubwa, yasomeke na mtu aliyesimama ng'ambo ya uwanja? Sote tukanyanyua mikono. Akatupa karatasi za manila, kila mmoja na neno lake. Mimi nikapewa SUBIRA.

Mnajua ilivyotoka. S yangu ilikuwa kama nyoka aliyekanyagwa, U ikawa nene kuliko B, na nilipofika kwenye R karatasi ikawa inakwisha, hivyo A ikabanwa ukingoni kama abiria wa mwisho wa daladala. Darasa zima lilikuwa hivyo hivyo. Mwalimu hakumcheka mtu. Alituambia tugeuze manila upande wa pili, tuchukue rula.

Tukaanza upya. Kwanza unaandika neno lako dogo na safi kwenye karatasi ndogo. Langu lilikuwa na upana wa sentimita 12 na kimo cha sentimita 4. Juu yake unapiga mistari ya penseli, wima na ulalo, kila sentimita 1. Unapata miraba 48. Kule juu unaandika A, B, C hadi L, pembeni unaandika 1 mpaka 4, ili kila mraba uwe na jina lake. Kisha kwenye manila unapiga miraba idadi ile ile, lakini kila mmoja sentimita 6, unaipa majina yale yale. Hapo neno la sentimita 12 limeshakuwa la sentimita 72, hata kabla hujachora kitu. Kazi iliyobaki ni kuhamisha. Unatazama mraba A1 tu. Mstari unaingia wapi? Umeingia kushoto, chini kidogo ya katikati, unatoka juu karibu na pembe. Unaweka alama ya penseli pale unapoingia na pale unapotoka, unaziunganisha. Unahamia B1.

Mwalimu alikuwa akipita nyuma yetu akirudia jambo moja: usichore S, chora kilichomo ndani ya mraba. Alisema S unayoijua kichwani si S iliyo kwenye karatasi, na mkono hupenda kuchora ile ya kichwani. Aliyeshindwa kabisa kujizuia aligeuziwa karatasi zote mbili juu chini, ile ndogo na ile kubwa, achore hivyo hivyo akiwa haoni herufi bali mistari tu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Na wallahi S ilitoka! Nilipoigeuza nikaiangalia sana. Tena nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona maisha yangu yote: lile tumbo la juu la S ni dogo kuliko la chini. Chukua S yoyote iliyopigwa chapa uigeuze, utaiona imekaa kama mtu mwenye kichwa kikubwa. Na herufi za mviringo, kama S yenyewe au O, hupita kidogo juu ya mstari na kidogo chini yake. Ukizibana zilingane sawasawa na zile bapa, jicho litaziona fupi. Nafasi kati ya herufi nazo huwezi kuzipima kwa rula ukaridhika: R na A zilivyoelemeana zinataka kusogezwa, I na R zinataka kuachiana.

Njia hii ni kongwe. Wachoraji wa Misri ya kale walipiga mistari ya miraba ukutani kabla ya kuchora watu wao. Mtu aliyesimama walimpa miraba 18 kutoka unyayo hadi zinapoanzia nywele. Kwa hiyo ukipiga miraba kwenye shuka lako la harusi usione haya, hujaiba kwa mtu.

Nilipofungua biashara nikagundua kuwa fundi anayejua kukuza maandishi hakosi kazi. Harusi zetu siku hizi, kila mtu anataka majina yake nyuma ya kiti. Nilianza na majina ya Kirumi kwenye marekani nyeupe, kisha watu wakaanza kuomba Kiarabu, na hapo ndipo nilipojivuna kidogo, maana chuoni nilihitimu msahafu na herufi nazijua.

Kuhusu kitambaa, sikilizeni kwa makini, maana hapa wengi huharibikiwa. Pamba mpya ina wanga, na ikifuliwa hurudi. Uifue kwanza, uipige pasi, ndipo upime. Ukipiga miraba kabla ya kufua, baadaye una mistatili. Kisha uiwambe kwenye fremu ya mbao, uivute sawa pande zote, kwa sababu kitambaa kikivutwa mshazari miraba inalala na herufi zinalala nayo. Mimi huhakikisha kwa futi: napima kutoka pembe hadi pembe, mshazari wa kwanza na wa pili. Vikilingana, miraba imesimama. Chaki ya fundi huitumia kwenye vitambaa vya rangi, lakini kwenye nyeupe nimeona ile ya buluu inaacha kivuli, basi natumia uzi. Natunga uzi mwepesi kwa mishono mirefu, kama ninavyoshikiza nguo kabla ya kuipeleka cherehani. Kazi ikimalizika unavuta uzi, kitambaa kinabaki hakina doa. Hili sikufundishwa na mtu, ni cherehani iliyonifundisha.

Rangi iwe ya kitambaa, na uipake nyepesi mara mbili, usiipake nzito mara moja. Kwanza ukingo wa herufi kwa brashi ndogo, halafu unajaza. Rangi hii ikikauka haitoki. Kumbukeni hapo niliposema haitoki.

Sasa nikuhadithieni.

Alikuja kwangu mama mmoja na binti yake. Binti alikuwa anaolewa, na baba yake alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Mama akafungua pochi, akatoa kadi ya harusi yake mwenyewe, ya zamani, imekunjwa mara mbili na imekuwa laini kama leso. Juu ya kadi palikuwa na maneno mawili kwa khati ya Kiarabu: mawadda warahma. Nyote mnayajua, yametoka Suratur-Rum, aya ya 21, na kadi nyingi za harusi zinayo. Binti hakutaka maandishi mengine yoyote. Alitaka hayo hayo, kwa mkono ule ule, kama yalivyokaa kwenye kadi ya wazazi wake, nyuma ya kiti chake. Akasema, “Dada, baba ndiye aliyeichagua hii kadi.” Basi.

Nikaona vibaya kubaki na ile kadi. Ingepotea ningefanya nini? Tukatoka pale pale kwenda kutoa fotokopi, nikamrudishia mama kadi yake, mimi nikabaki na nakala. Nilijiona nina adabu sana.

Maandishi yalikuwa na upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 4. Nikapiga miraba ya sentimita 1 kwenye fotokopi, na kwenye kitambaa nikatunga uzi kila sentimita 20. Mita 2 kwa sentimita 80, katikati ya kitambaa cha mita 3. Hesabu hiyo maana yake ni kwamba kila kitu kimezidishwa mara 20. Milimita 1 ya kwenye karatasi ni sentimita 2 ukutani.

Khati ilikuwa nzuri lakini ngumu, imejaa irabu na mapambo. Na mimi nilijijua. Nilijua kuwa kwa kuwa nazijua herufi, mkono wangu utaandika ninavyoandika mimi, na si alivyoandika yule bwana wa kadi. Nikakumbuka skuli. Nikageuza fotokopi juu chini, nikageuza na fremu, nikachora mraba baada ya mraba. Siku tatu. Sikusoma hata herufi moja. Nilijisifu moyoni kwa hilo! Nilipomaliza nikaigeuza, nikavuta nyuzi, nikasimama mlangoni nikaiangalia. Ilikuwa inang'aa kwa dhahabu, imefanana na ile ya kadi mpaka nikapata machozi. Nikaikunja vizuri ndani ya shuka safi.

Alhamisi mchana nikaipeleka. Ndoa ilikuwa Ijumaa msikitini, na ukumbini Jumamosi. Nyumba imejaa watu, wengine wanachambua mchele, biharusi amekaa chumbani kwenye hina. Tukaitundika ukumbini kwao ili waione. Vigelegele vikapigwa. Mama akaishika ncha ya kitambaa, hakusema kitu.

Alikuwepo bibi mzaa baba wa yule binti. Bi mkubwa wa makamo ya kutafuna tambuu akiwa amefumba macho, na amefundisha watoto chuo barazani kwake miaka na miaka. Akaletwa, akakalishwa kwenye kiti mbele ya kitambaa. Akasoma. Akasogea mbele, akasoma tena.

“Mwanangu,” akaniambia, “hapa umeandika mapenzi na nini?”

“Mawadda warahma, bibi.”

“Mimi naona mawadda wazahma.”

Dada zangu, nani asiyejua zahama? Kwa Waarabu ni msongamano, sisi tumeifanya fujo na vurumai. Mapenzi na zahama! Kuna msichana mmoja aliyekuwa anachambua mchele alicheka, akanyamazishwa.

Nikatazama. Maneno hayo mawili yana nukta nne tu, zote juu ya te marbuta mbili, mbili kwa mbili. Wala mimi, wala wau, wala dali, wala ha haina nukta. Za kwangu zilikuwa tano. Ya tano imekaa juu ya ra, nzuri, ya dhahabu, ina pembe nne zake, upana sentimita 6. Na ra yenye nukta ni ze.

Biharusi alitoka chumbani mikono juu na hina haijakauka. Aliposikia, uso ulimshuka. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, “Baba hakuandika hivyo.”

Mama akaenda kuileta kadi. Tukaipeleka dirishani. Pale juu ya ra hapakuwa na nukta. Palikuwa na fataha, kile kistari cha mshazari, chembamba, lakini mkunjo wa kadi ulipita juu yake. Mashine ya fotokopi ikauchukua mkunjo na kistari ikavifanya doa moja jeusi. Doa la milimita 3. Mimi nikalikuza mara 20, kwa uaminifu wote, pembe kwa pembe.

Pale nilipokuwa nimesimama niliona nimefanya nini. Mwalimu wangu aliniambia nisiisome S, na kwa S alikuwa sahihi, maana S ikikosewa inakuwa S mbaya. Ra ikikosewa haiwi ra mbaya, inakuwa herufi nyingine. Na miraba haijui kusoma. Inahamisha nukta, inahamisha mkunjo wa karatasi, inahamisha alama ya kidole cha mtu aliyekula sambusa, yote kwa heshima moja. Aliyekuwa anajua kusoma katika ile kazi ni mimi, na mimi nilikuwa nimeigeuza juu chini makusudi na kujisifu.

Sasa tufanye nini? Rangi imekauka. Wazo langu la kwanza lilikuwa la kifundi: kiraka. Nikate kipande cha marekani ile ile, nikishonee juu ya nukta. Lakini kiraka kingeonekana kwenye picha, chini ya taa za ukumbi hasa, na biharusi hataki kukaa mbele ya kiraka. Wazo la pili ni kupaka rangi nyeupe juu, na nyeupe ya rangi si nyeupe ya pamba, kila mtu anajua. Muda wa kuchora kingine haukuwepo.

Bi mkubwa ndiye aliyesema. Alikuwa bado amekaa, ameshika fimbo yake, akainyoosha mpaka karibu na kitambaa. “Kuitoa huwezi. Iongeze. Ivute iwe fataha.”

Wallahi nilitaka kumbusu miguu. Nikatuma mtoto mbio dukani kwangu akaniletee rangi na brashi. Nikashusha kitambaa, nikakiwamba upya juu ya meza ya chakula kwa pini na misumari midogo. Safari hii sikugeuza kitu juu chini. Nilisoma kila herufi kwa sauti, mim, wau, dali yenye shadda, bibi akiniitikia kama niko chuoni. Nikaweka kadi yenyewe mbele yangu, si fotokopi. Nikaivuta ile nukta pande mbili kwa mshazari, juu kulia na chini kushoto, nikaipunguza ncha zake. Kwa sababu ilikuwa na tumbo la sentimita 6, ilibidi niirefushe zaidi ya wenzake ili ionekane ni mstari. Wenzake walikuwa sentimita 10. Yeye akawa 16. Rangi ikakauka kabla ya Magharibi.

Mama alitaka kunilipa nusu ya pesa iliyobaki, nikakataa kuipokea. Akaitia kwenye mkoba wangu bila mimi kujua. Nimeikuta nyumbani.

Baadaye nilipotulia nikataka kujua hii nukta iliyonitesa ina habari gani, nikasoma kidogo. Kumbe waandishi wa khati hawatumii miraba kama yetu. Kuna Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, anayetajwa kuwa ndiye aliyeweka vipimo vya herufi, na kipimo chake kilikuwa nukta yenyewe, ile pembe nne inayotoka ukibonyeza kalamu ya mwanzi mara moja. Alifu inapimwa ni nukta ngapi zikipangwa moja juu ya moja, kisha unachukua duara ambalo alifu ndiyo kipenyo chake, na herufi nyingine zinapimwa humo. Kalamu ikiwa nene nukta inakuwa kubwa na herufi zote zinakua pamoja nayo. Kwa hiyo mtu wa khati akikuza maandishi anabadilisha kalamu, anaandika upya akijua anachoandika. Mimi sina mkono huo na sijidai ninao. Bado napiga miraba yangu. Hivyo kama una uwezo wa kumpata mwandishi wa khati aliyesomea, mpe yeye kazi ya Kiarabu, na majina ya Kirumi niletee mimi, sitanuna.

Ila nikichukua kazi ya Kiarabu siku hizi, sichukui fotokopi kavu. Naweka karatasi ya plastiki safi juu ya kadi yenyewe mbele ya mwenyewe, napiga miraba juu ya plastiki. Tunahesabu nukta pamoja, mimi na mwenye kazi, naziandika pembeni kwa tarakimu. Kuchora nachora nikiwa nimegeuza, hilo sijaliacha kwa sababu mistari hutoka safi. Kabla ya kupaka rangi naigeuza, namwita mtu ambaye hajui nimeandikishwa nini, namwambia nisomee. Mara nyingi ni mtoto wa jirani anayetoka chuo saa kumi. Namlipa kashata. Akisoma sivyo, penseli inafutika.

Na jambo jingine kwa mabiharusi. Kitambaa chenye maneno ya Qur'ani mkitundike juu, kisiburure sakafuni, wala watu wasikikalie, na harusi ikimalizika mumpe mtu mmoja kazi ya kukishusha na kukikunja usiku ule ule. Nimeona vingine vimeachwa ukumbini na mabaki ya pilau. Kama unajua hutapata wa kukishughulikia, bora uandike majina yenu tu.

Hicho cha kwetu kilishushwa na bi mkubwa mwenyewe, yaani alisimamia huku vijana wakishusha. Kwenye picha kinaonekana vizuri, hakuna aliyejua, ila mimi jicho langu linakwenda pale pale. Wiki ya pili nilikwenda kuwapa mkono wa heri, nikamkuta barazani na watoto wake wa chuo. Aliniona tangu mbali.

“Mwanangu,” akasema, “ile fataha yako ndefu. Tuivute harakati ngapi?”

Watoto wakacheka. Akanikaribisha ndani, akaniagizia chai.